Bei ya Kukataa: Ridhaa ya Mfanyakazi Mbele ya Dawa za Safari

Muuguzi wa afya kazini hulipwa na mwajiri ili awahudumie waajiriwa. Kazi hiyo ilianzia viwandani mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1878 Philippa Flowerday aliajiriwa na kiwanda cha haradali cha Colman mjini Norwich, Uingereza, na mwaka 1895 Ada Mayo Stewart akaajiriwa na kampuni ya marumaru huko Vermont, Marekani. Wote wawili waliwashughulikia wagonjwa na majeruhi. Leo sehemu nzuri ya kazi hii haina mgonjwa wala jeraha: anayeketi mbele ya muuguzi ni mtu mzima wa afya, anayetumwa mahali, na kabla hajaondoka hupewa sindano au vidonge vya kumkinga na ugonjwa ambao bado hana.

Bunia, makao makuu ya mkoa wa Ituri mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni mji wa kutumwa. Uko mita 1,275 hivi juu ya usawa wa bahari, kati ya msitu mkubwa na Ziwa Albert, na wanaopita humo ni watumishi wa Umoja wa Mataifa, mashirika ya misaada, wahandisi wa dhahabu, madereva na wahasibu. Anayetumwa Kasenyi hushuka ukingo wa bonde zaidi ya mita mia sita mpaka ufukweni, kwenye joto na mbu wengi zaidi. Anayetumwa Mambasa huingia msituni. Anayepelekwa upande wa Rethy huingia eneo ambalo tauni haijawahi kutoweka. Mgeni anayeshuka kwenye uwanja wa ndege wa Murongo anatakiwa awe amekwisha kuchanjwa homa ya manjano. Kila safari ina dawa yake, na kila dawa ina karatasi ya kutiwa sahihi. Swali ni hili: mtu ambaye mshahara wake umo mikononi mwa yule anayetaka sahihi hiyo, akitia sahihi, ameridhia?

Kiswahili kina maneno matatu yanayogombea nafasi hapa, na hayako sawa. Idhini ni ruhusa: mwenye mamlaka juu ya kitu humfungulia mwingine mlango. Hiari ni uwezo wa kuchagua kati ya hili na lile. Ridhaa inakwenda ndani zaidi, kwa kuwa ni moyo kukubali na kutulia na kilichochaguliwa. Fomu za hospitali huyatumia kana kwamba ni neno moja, na mkanganyiko mwingi kuhusu ridhaa kazini unaanzia hapo.

Yote matatu yametoka katika Kiarabu, na wanafikihi waliyapima kwa makini kuliko waandishi wa fomu. Wale wa madhehebu ya Hanafi, walipojadili hali ya mtu aliyelazimishwa kuuza mali yake, waliigawa shuruti mara mbili. Ipo shuruti kamili, kama ya kutishiwa kuuawa au kukatwa kiungo, ambayo humwondolea mtu ridhaa na pia kuiharibu hiari yake. Ipo na shuruti pungufu, kama ya kutishiwa kifungo au kipigo kisichoua. Hiyo humwondolea ridhaa, lakini hiari yake hubaki, kwa sababu bado anaweza kuvumilia tishio na kukataa. Kwa mujibu wao, basi, mtu aweza kutenda kwa hiari yake bila kuwa na ridhaa. Mwajiriwa anayemeza kidonge ili asikose safari yenye posho hajafungwa kamba, na hiari anayo. Ridhaa ndiyo ya kuuliziwa.

Fikihi hiyo hiyo imeacha fundisho jingine, ambalo Waswahili wengi wanalijua kwa njia ya ndoa. Bikira akiulizwa kuhusu mchumba, kimya chake huhesabiwa idhini. Mwanamke aliyewahi kuolewa hana budi kutamka. Msingi wake ni kwamba kimya hakina maana moja: hutegemea ni nani amenyamaza, mbele ya nani, na kama alikuwa na njia rahisi ya kusema. Mfanyakazi anayenyamaza mbele ya muuguzi wa kampuni hana haya ya bi harusi inayoweza kukifasiri kimya chake. Anachokuwa nacho mara nyingi ni hofu, au uchovu wa kujaza makaratasi, na kukihesabu kimya chake kuwa idhini ni kumbambikia mtu maneno.

Maneno haya hayakufika Ituri kwa njia ya darasa. Yalikuja na misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Mpelelezi Henry Morton Stanley alipoupita msitu wa Ituri mwaka 1887 alikuta vituo vya watu waliotokea upande wa Zanzibar na Manyema, kama kile cha Ugarrowwa, na lugha yao ni mmojawapo wa mizizi ya Kiswahili cha Kongo kinachoitwa Kingwana, lugha ya waungwana, watu huru. Methali ya hiari yashinda utumwa haikuwa fumbo katika misafara ile. Kila aliyeisikia alijua yuko upande gani wa mnyororo.

Utawala wa Kibelgiji uliofuata uliunganisha dawa, kazi na safari kuwa kitu kimoja. Dhahabu ya Ituri iligunduliwa mwaka 1903, na kutokana nayo ikazaliwa kampuni ya Kilo-Moto, iliyosajiliwa rasmi mwaka 1926. Machimbo yalihitaji wanaume wengi, na wengi wao walikusanywa kwa nguvu kupitia machifu. Wakati huo huo malale ilikuwa ikiua watu kaskazini mwa koloni. Dola ikajibu kwa kupapasa tezi za shingo, kuchoma sindano uti wa mgongo na kudai pasi ya afya kwa Mwafrika aliyetaka kutoka wilaya moja kwenda nyingine. Asiyekuwa na karatasi ya daktari hakuwa msafiri, alikuwa mtoro. Tangu hapo, kwa wazee wengi, sindano na kibali cha kupita vilikuwa jambo moja.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilikuja pentamidini, iliyouzwa kwa jina la Lomidine. Iliaminika kwamba sindano moja ingemkinga mtu mzima wa afya na malale kwa miezi kadhaa, na katika makoloni ya Wabelgiji, Wafaransa na Wareno ikatolewa kwa mamilioni, kijiji baada ya kijiji, watu wakiwa wamepangwa mistari. Hakuna aliyeulizwa. Mwaka 1954, huko Yokadouma katika Kamerun, sindano zilizochafuka zilisababisha nyama kuoza na watu kufa. Jambo linaloumiza zaidi lilidhihirika baadaye: kinga ya mtu mmoja mmoja iliyoahidiwa haikuwa na uthibitisho wa kutosha, na Wazungu walioishi maeneo hayo hayo kwa kawaida hawakupangwa kwenye mistari ile. Madaktari wa kampeni waliamini kwa dhati kwamba wanaokoa watu. Nia njema haikupungua, na dawa ilikuwa halisi. Kilichokosekana ni mtu mmoja katika mstari mwenye uwezo wa kusema hapana bila kuadhibiwa, na laiti angekuwapo, huenda kasoro ya dawa ingeonekana mapema.

Historia hiyo ndiyo inayolifanya swali la Bunia lisiwe la makaratasi tu. Methali husema mgonjwa haulizwi uji, na wapo wahudumu wanaoichukua kuwa kanuni ya kazi. Hata ikikubaliwa kwa mgonjwa, haimhusu msafiri. Mgonjwa ana maumivu ya leo, na dawa humwahidi nafuu. Msafiri ni mzima. Dawa humletea maudhi ya leo kwa ajili ya homa ambayo huenda isimpate kamwe. Ndiyo maana sababu ya kumuuliza ni kubwa zaidi kwake kuliko kwa mgonjwa, ingawa desturi ya kazi imekuwa kinyume: mgonjwa hutia sahihi kabla ya upasuaji kwa sherehe zote, na msafiri hukabidhiwa pakiti dirishani.

Na pakiti hizo hazifanani. Kwa malaria ya Kongo, ambayo kwa sehemu kubwa huletwa na kimelea cha falsiparamu kilichokwisha kuwa sugu kwa klorokwini, wageni hupewa mojawapo ya dawa tatu. Doksisaiklini humezwa kila siku, kuanzia siku moja au mbili kabla ya safari hadi wiki nne baada yake. Ni ya bei nafuu, lakini hufanya ngozi iungue upesi juani na huunguza koo la chakula ikimezwa bila maji ya kutosha au mtu akilala mara moja, na mjamzito hapewi. Mchanganyiko wa atovakuoni na proguanili, unaojulikana zaidi kwa jina la Malarone, humezwa kila siku na kuachwa siku saba tu baada ya kurudi. Hauna maudhi mengi, ila bei yake ni kubwa. Meflokwini, au Lariam, humezwa mara moja kwa wiki, na kwa sababu hiyo imependwa na makamanda na mameneja kuliko na wamezaji. Kwa baadhi ya watu huleta ndoto za kutisha, wasiwasi, huzuni, hata wazimu. Nusu yake hubaki mwilini kwa wiki mbili au zaidi, hivyo aliyeanza kuona maluweluwe hawezi kuitapika dawa ikaisha. Julai 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo lake kali kuliko yote, ikieleza kwamba kizunguzungu kinachotokana nayo chaweza kuwa cha kudumu.

Onyo hilo lilichelewa kwa wengi. Mwaka 1992 Kanada ilipeleka askari Somalia wakati meflokwini ilikuwa haijaidhinishwa nchini mwake. Njia halali ya kuwapa ilikuwa utafiti wa usalama, wenye ridhaa ya kila askari na kumbukumbu za kila dalili. Dawa ilitolewa, masharti hayakutimizwa, na mkaguzi mkuu wa serikali aliliandika hilo mwaka 1999. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kisa hicho kina ladha ya pekee: safari hii waliopangwa mstari wakapewa dawa bila kuulizwa vizuri walikuwa wanaume wenye bunduki kutoka nchi tajiri, tena wenye sheria nzuri za wagonjwa. Ngozi na pasipoti hazikuwasaidia, kwa kuwa mwajiri wao alikuwa na neno la mwisho.

Aristotle, katika kitabu cha tatu cha Maadili ya Nikomako, alimtolea mfano nahodha anayetupa shehena baharini wakati wa dhoruba. Hakuna atupaye mali kwa kupenda, lakini mwenye akili huitupa ili aokoe roho. Aristotle aliviita vitendo vya namna hii mchanganyiko, akaongeza kwamba vinaelekea zaidi upande wa hiari, maana wakati wa kutenda mtu ndiye anayechagua. Ni mfano mzuri, na waajiri huupenda bila kujua wameuazima: mbu ni dhoruba, kampuni haikuwaumba, inatoa tu ushauri wa kutupa shehena. Lakini dhoruba haina masilahi. Bahari haimlipi nahodha mshahara, wala haipati hasara akikataa kusafiri. Mwajiri hupungukiwa mradi unapokwama kwa sababu mhandisi ana homa, na gharama ya kumsafirisha mgonjwa kwa ndege kutoka Bunia si ndogo. Dawa ya kinga humlinda mfanyakazi na humlinda mwajiri kwa kidonge kile kile. Hakuna ubaya katika hilo. Ubaya huanza pale nusu ya pili ya maelezo inapofichwa.

Mapokeo ya Kikristo, ambayo Bunia yana nguvu kubwa, katika mji wenye jimbo la Kikatoliki na chuo kikuu cha Shalom kilichoanza kama shule ya theolojia, yanalifikia swali hili la ridhaa kwa njia yake. Papa Pius XII, akizungumza na madaktari tarehe 24 Novemba 1957, alisema daktari hana haki yoyote juu ya mgonjwa isipokuwa ile aliyopewa na mgonjwa mwenyewe, kwa kutamka au kwa namna inayoeleweka. Sababu yake haikuwa kwamba mtu ni mali yake mwenyewe. Katika mafundisho hayo mwili ni amana, na mwenye amana huulizwa ameitunzaje. Mwislamu atasema vivyo hivyo kwa maneno yake. Asiyeuliza, basi, amekiuka amana ya mtu, na jambo hilo ni zito kuliko kukiuka matakwa yake.

Hata hivyo, dini na falsafa zote mbili zinapungukiwa na kitu kimoja zinapofika kwenye chumba cha muuguzi wa kampuni. Huuliza kama mtu alijua, na kama alitaka. Mara chache huuliza angelipa nini kama asingetaka. Na hapo ndipo penye kiini. Ridhaa ya mwajiriwa hupimwa kwa bei ya kukataa. Mtu aliyeelezwa yote kwa lugha yake, akapewa siku tatu za kufikiri, kisha akakubali kwa sababu kukataa kungemkosesha kazi, ameelewa vizuri lakini hajaridhia. Mwenziwe aliyeelezwa kwa dakika kumi na kujua kwamba akikataa atapewa dawa nyingine au kazi nyingine ya mshahara ule ule, ridhaa yake ina uzito zaidi.

Bei hiyo Bunia iko juu kuliko inavyoonekana kutoka Geneva. Sheria ya kazi ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamtaka mwajiri kugharimia matibabu ya mfanyakazi na ya familia yake. Ni sheria ya huruma, na imeokoa watoto wengi. Lakini matokeo yake ni kwamba anayepoteza ajira hupoteza na hospitali ya mke, ya mume, ya watoto sita. Katika mkoa ambao vita vya mwaka 1999 hadi 2003, na mashambulizi yaliyorudi tangu 2017, vimewaondoa watu wengi mashambani mwao, mshahara mmoja mara nyingi unabeba jamaa wa nyumba tatu. Mfanyakazi anapoulizwa kama anakubali doksisaiklini, anayejibu ni watu kumi na tano.

Sheria za kimataifa zinalijua tatizo hili nusu nusu. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, katika kifungu cha 23, zinakataza msafiri kupimwa, kuchanjwa au kupewa dawa ya kinga bila ridhaa yake ya wazi aliyoitoa baada ya kuelezwa. Kisha kifungu cha 31 kinaeleza kinachofuata asiporidhia: nchi yaweza kumzuia kuingia. Kongo huitumia haki hiyo kwa homa ya manjano, na tangu 11 Julai 2016 cheti cha chanjo hiyo ni cha maisha. Mtu anaweza kuliona sharti hilo kuwa gumu, lakini ni la haki kwa namna moja: bei ya kukataa imeandikwa mapema, ni ile ile kwa waziri na kwa mpishi, na mwenye sababu ya kitabibu huandikiwa barua ya msamaha, ingawa uamuzi wa kuikubali hubaki kwa maofisa wa mpakani. Sharti la mwajiri mara nyingi halina hata moja kati ya hayo matatu.

Muuguzi anapaswa pia kujua kwamba msamaha huo si wa mapambo. Chanjo ya homa ya manjano ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Madhara makubwa ni nadra mno, lakini huongezeka kwa waliovuka miaka 60 na kwa wenye kinga dhaifu. Mhasibu mwenye umri wa miaka 63 anayetumwa kutoka Nairobi kwenda Bunia kwa wiki mbili anastahili kuambiwa hivyo kabla mkono haujapakwa spiriti.

Mkataba namba 161 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1985, unagusa upande wa muuguzi. Unataka watoa huduma za afya kazini wawe huru kitaaluma mbele ya mwajiri na mbele ya wafanyakazi pia, na uangalizi wa afya usimkate mfanyakazi mshahara, usimgharimu, na kadiri iwezekanavyo ufanyike saa za kazi. Uhuru huo ni rahisi kuuandika. Muuguzi naye ni mwajiriwa, ana bei yake ya kukataa, na meneja anayeuliza kwa upole "kwa nini fulani hajaanza dawa?" ndiye anayetia sahihi mkataba wake wa mwaka ujao.

Ituri iliwahi kupata somo la jambo hili lenye uzito kuliko vitabu. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu Kaskazini na kuenea Ituri ulimalizika tarehe 25 Juni 2020, baada ya wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Chanjo iliyotumika, ambayo baadaye iliitwa Ervebo, ilikuwa haijapata kibali cha kawaida ilipoanza kutolewa Agosti 2018. Kwa hiyo ilitolewa chini ya utaratibu wa utafiti, na kila aliyechanjwa alitakiwa aelezwe na kutoa ridhaa iliyoandikwa. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Kwa njia hiyo karatasi ya ridhaa ilifika katika nchi ambamo vizazi viwili hivi nyuma mstari wa Lomidine ulikuwa umepita.

Waliochanjwa mwanzoni kabisa ni wahudumu wa afya na wale waliokuwa karibu na wagonjwa, na hapo ndipo karatasi ilipoonyesha udhaifu wake mahali pa kazi. Mwanzoni wajawazito hawakuruhusiwa kuchanjwa. Ruhusa ilikuja mwaka 2019. Mfikirie muuguzi msichana katika kituo kinachotaka watumishi wake wote wachanjwe. Akisema hachanjwi, wenzake watauliza kwa nini, na jibu ni mimba ambayo hajamwambia hata mama yake. Kukataa kwake kumekuwa kutangaza. Kwa mwenye virusi vya ukimwi mbele ya chanjo hai ni hivyo hivyo, na kwa aliyewahi kuugua akili mbele ya meflokwini pia. Bei ya kukataa hapa hailipwi kwa mshahara, inalipwa kwa siri. Dawa yake si ngumu: karatasi inayotoka kwa muuguzi kwenda kwa meneja iwe na mistari miwili tu, anafaa kusafiri au hafai kwa safari hii, bila sababu. Ajabu ni jinsi mstari wa tatu, wa "maelezo", unavyopenda kujichomeka.

Liko pia suala la homa ya chanjo. Siku za kwanza baada ya Ervebo wengi hupata joto na maumivu ya viungo, na wakati ule wasafiri walipimwa joto vituoni. Asiyeambiwa hayo huweza kusimamishwa barabarani akadhaniwa mgonjwa. Maelezo kabla ya sindano, kwa hiyo, yana faida kuliko heshima tu: yanamwezesha mtu kupanga safari yake.

Mjadala wa ridhaa mara nyingi humhusu anayelazimishwa kumeza. Bunia ina upande mwingine, na pengine ndio mbaya zaidi: asiyeulizwa kwa sababu hakufikiriwa. Mgeni kutoka Brussels hupewa kipindi kizima cha maelezo, orodha ya maudhi, uchaguzi kati ya dawa tatu na chandarua chenye dawa. Dereva wake, aliyezaliwa Irumu, anayelala naye mahema ya jirani kule Kasenyi, hapewi chochote, kwa kuwa "amezoea malaria". Kuna ukweli wa kitabibu ndani ya maneno hayo. Mtu mzima aliyekulia penye maambukizi hujenga kinga kiasi, na miongozo ya dawa za kinga imeandikwa kwa ajili ya wasio nayo. Tena kumeza dawa ya kila siku maisha yote si jambo la kumshauri mkazi. Lakini kinga hiyo si kamili, hupungua mtu akiishi mbali kwa muda mrefu, na ujauzito huidhoofisha. Dereva aliyerudi kutoka masomo ya miaka mitatu Ulaya, au mpishi mwenye mimba, hayuko tena katika kundi la "waliozoea". Asipoulizwa hana nafasi ya kukataa wala ya kukubali. Mtu wa namna hiyo ameamuliwa, kama walivyoamuliwa babu zake, isipokuwa safari hii uamuzi ni wa kumnyima.

Lugha ni kikwazo cha mwisho, na kwa desturi hupewa uzito kuliko unaostahili. Fomu Bunia huandikwa Kifaransa. Muuguzi, au muganga kama wengi wanavyomwita, huieleza kwa Kiswahili, na mara nyingine neno la Kilendu, Kihema au Kialur huingizwa kumalizia. Tafsiri nzuri inahitajika, lakini kipimo cha kuelewa ni kimoja: mfanyakazi arudie kwa maneno yake dawa ni ya nini, inaweza kumfanyia nini, na nini kitatokea akiikataa. Wengi hujibu vizuri maswali mawili ya kwanza. La tatu ndilo linalowanyamazisha, na mara nyingi muuguzi mwenyewe hana jibu, kwa kuwa kampuni haijawahi kuliandika. Anayetaka kwenda nyumbani kushauriana na mwenzi wake au mzee wa kanisa naye apewe usiku mmoja. Kushauriana hakumpunguzii mtu hiari. Ituri ndivyo mambo mazito yanavyoamuliwa, na dawa nyingi za safari zinaweza kusubiri hadi asubuhi.

Kampuni au shirika likitaka kujua hali ya ridhaa katika zahanati yake, mahali pa kutazama ni rejista ya waliokataa: wangapi, na wako wapi leo. Rejista yenye sahihi mia mbili za kukubali na ukurasa mtupu wa kukataa ndiyo inayohitaji kuchunguzwa kwanza, na uchunguzi uanzie kwenye ofisi ya meneja.